Maneno ya Bwawani na Ubishi Ulioyazaa



Katika mikutano yetu ya miaka ya karibuni mazungumzo yamebadilika kidogo. Habari za mabwenini na za mpira bado zipo, lakini wengi wetu sasa tuna watoto na wajukuu wanaoshiriki mashindano ya kuogelea. Kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanaojitolea kutunza muda kando ya bwawa, huulizwa mara kwa mara swali hili: "Mbona mtoto wangu amefika wa kwanza, kisha wakamfuta?" Jibu limo katika maneno ya mchezo wenyewe. Karibu kila neno lilizaliwa na ubishi uliotokea majini. Anayeujua ubishi ule ataielewa kanuni, na anayeielewa kanuni hatamwongezea mtoto machozi.

Tuanze na mtindo huru. Wengi hudhani hilo ni jina la kuogelea kwa kupokezanisha mikono, uso ukiwa majini. Sivyo. Maana yake ni kwamba mwogeleaji yuko huru kuogelea apendavyo, na kwa kuwa hakuna namna yenye kasi kuliko hiyo, wote huichagua. Waingereza waliona namna inayokaribiana nayo mwaka 1844, wenyeji asilia wawili wa Amerika ya Kaskazini waliposhindana mjini London. Mshindi alimaliza futi 130 kwa nusu dakika, lakini watazamaji waliona ni kupigapiga maji tu bila adabu. Hata Kapteni Matthew Webb, alipovuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa mwaka 1875 kwa muda wa karibu saa 22, aliogelea kwa mtindo wa kifua. Heshima ilikuwa huko. Kasi ilikuwa katika mtindo uliodharauliwa.

Mtindo huo wa kifua ndio uliozaa kipepeo. Katika miaka ya 1930 waogeleaji waligundua kwamba kanuni za kifua hazikuwakataza kurudisha mikono mbele juu ya maji. Wakafanya hivyo, wakawaacha wenzao nyuma, na malalamiko yakaanza. Mwaka 1952 mitindo hiyo miwili ikatenganishwa, na kipepeo kikapata shindano lake kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Katika michezo hiyohiyo Masaru Furukawa wa Japani alishinda mita 200 za kifua kwa kukaa chini ya maji sehemu kubwa ya safari. Hakuvunja kanuni yoyote. Kanuni ndiyo iliyobadilishwa baada yake. Mtindo wa mgongo nao ulipata mkasa wa namna hiyo. Mwaka 1988 mjini Seoul, Daichi Suzuki wa Japani alimshinda David Berkoff wa Marekani, na wote wawili walikwenda mbali chini ya maji kabla ya kuibuka. Leo mwisho ni mita 15 baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka.

Hii ndiyo sababu mwamuzi husimama akiwakodolea macho watoto wetu. Katika kifua na kipepeo, mikono yote miwili lazima iguse ukuta kwa pamoja. Mtoto akigusa kwa mkono mmoja, karatasi ya matokeo itaandikwa herufi DQ, yaani amefutwa. Herufi hizo hazisemi kwamba mtoto ni mdanganyifu. Zinasema kwamba jambo moja halikutimia, na mara nyingi ni jambo ambalo mwalimu anaweza kulirekebisha katika mazoezi ya wiki moja.

Sasa tuje kwenye muda, ambao ndio kazi yangu. Mjini Roma mwaka 1960, katika fainali ya mita 100 za mtindo huru, saa tatu za mkono zilimpa John Devitt wa Australia sekunde 55.2. Saa tatu za Lance Larson wa Marekani zilisoma 55.0, 55.1 na 55.1. Hata hivyo waamuzi walimpa Devitt ushindi, na Larson akaandikiwa 55.2 naye! Kelele za siku ile zilisaidia kuleta vibao vya kugusa vilivyounganishwa na saa ya umeme. Kisha mashine nayo ikazidisha makali: mjini München mwaka 1972 Gunnar Larsson wa Sweden alimshinda Tim McKee wa Marekani kwa elfu mbili za sekunde katika mita 400 za mchanganyiko. Baada ya hapo ikaamuliwa kwamba muda uhesabiwe kwa sehemu za mia tu, na wanaolingana wapewe nafasi moja. Ndiyo maana mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro waogeleaji watatu, Michael Phelps, Chad le Clos na László Cseh, walipewa medali ya fedha kwa pamoja, kila mmoja akiwa na sekunde 51.14 katika mita 100 za kipepeo.

Muda huohuo wa 51.14 una historia kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2008 mjini Beijing, Jason Dunford wa Kenya aliuogelea katika mchujo wa shindano hilo, ikawa rekodi ya Olimpiki. Haikudumu, kwani ilivunjwa katika mchujo uliofuata muda mfupi baadaye, na katika fainali Dunford alikuwa wa tano. Hapo tunajifunza neno mchujo: ni mlango wa kuingilia, wala si tuzo. Wanaopita huchaguliwa kwa muda, si kwa nafasi. Mtoto anaweza kushinda mchujo wake akakosa fainali, na wa tatu wa mchujo mwingine akaipata. Njia nazo hugawanywa kwa muda: katika bwawa la njia nane, mwenye muda bora hupewa njia ya 4, anayemfuata ya 5, kisha ya 3, hivyo hivyo hadi pembeni. Aliyepangwa njia ya 8 hakuonewa.

Angalieni pia urefu wa bwawa. Muda wa bwawa la mita 25 haulinganishwi na wa mita 50, kwa sababu katika bwawa fupi mwogeleaji hugeuka mara nyingi zaidi na kila mara hupata nguvu ya kujisukuma ukutani. Mzazi asiyejua hili humkaripia mtoto kwamba amerudi nyuma, kumbe bwawa ndilo lililobadilika.

Namkumbusha kila mzazi habari ya Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Mjini Sydney mwaka 2000 wapinzani wake wawili katika mchujo waliondoka kabla ya ishara, wakafutwa, akaogelea peke yake. Alimaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Alikuwa mshindi wa mchujo wake, na hakusonga mbele. Miaka michache baadaye aliushusha muda wake chini ya dakika moja. Hakuna medali kwa jambo hilo, lakini watunza muda tunajua uzito wake. Basi mtoto akitoka majini, tusimwulize kwanza amekuwa wa ngapi. Tumwulize muda wake wa leo na muda wake wa mara iliyopita, halafu tuisome karatasi pamoja naye.