Nyasi za Nyumbu

Utotoni Wasso sikumwelewa baba. Mvua zimenyesha, mbuga ya magharibi imekuwa kijani, naye anawapandisha ng'ombe milimani kwenye nyasi ngumu, punda wakibeba vyombo. "Nyumbu wanazaa," alisema, basi. Ndama wa nyumbu hutoa virusi puani na machoni kwa miezi mitatu hivi. Ng'ombe akiambukizwa kwa kawaida hufa, punda hadhuriki. Wamaasai walijua kukwepa kabla maabara hazijaeleza. Mwaka 1959 walipoondolewa Serengeti, nafasi ya kukwepa ilipungua. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Kaka yangu bado anawakwepa nyumbu. Ila nyumbu hawajui mipaka, na milima imejaa ng'ombe.