Maji na vibali vya kupanda mlima kwa mkazi wa Kawangware

Mkazi wa Kawangware 46, eneo ambalo hutajwa kwa nambari ya matatu zinazolihudumia, hahitaji kufunzwa kwamba maji hupimwa kabla ya kutumiwa. Familia nyingi za mtaa huo, sawa na zile za Kibera, zilikuwa zikinunua maji kwa mtungi wa lita 20 hata kabla ya jiji la Nairobi kuanza mgao wa maji Januari 2017. Kila mwenye nyumba hujua mtungi mmoja utatosha kupikia nini, kuoshea nini, na nani atakunywa kilichobaki. Anayejiandaa kupanda mlima hana budi kupiga hesabu hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba huko juu hakuna mkokoteni wa muuza maji, na mbebaji ni yeye mwenyewe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo asiyepima hutaabika kwa kiu au kwa mzigo.

Mfano ulio karibu ni Mlima Longonot, takriban kilomita 90 kutoka Nairobi. Anayetoka Kawangware huenda kwanza hadi barabara ya Waiyaki, mathalani pale Kangemi, kisha akaabiri gari linalopitia Mai Mahiu kuelekea Naivasha na kushuka katika kituo cha biashara cha Longonot. (Jina Mai Mahiu lenyewe ni la Kikuyu na maana yake ni maji moto.) Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkeno ni kilomita 3.1 za kupanda, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, ukipitia kilele cha mita 2,776. Ukiongeza mwendo wa kurudi, jumla ni kilomita 13.4. Katika njia hiyo yote hakuna chemchemi, kijito wala bomba. Udongo ni wa majivu ya volkeno, vumbi ni jingi, na kivuli ni haba.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni nusu lita kwa kila saa ya mwendo, na zaidi jua linapokuwa kali. Safari ya Longonot huchukua saa tano au sita kwa mtu wa kawaida, kwa hivyo lita 3 ni kiasi cha busara, na ni afadhali kurudi na nusu lita iliyobaki kuliko kuimaliza ukiwa bado upande wa pili wa ukingo. Hata hivyo, kunywa maji matupu kupita kiasi huku ukitokwa na jasho hupunguza chumvi mwilini na huweza kuleta kizunguzungu na kutapika, dalili ambazo wengi hudhani ni za kiu na kuzidisha kunywa. Njugu zilizotiwa chumvi, au pakiti ya chumvi na sukari ya kurejesha maji mwilini, husaidia.

Hapa ndipo suala la maji linapokutana na sheria. Tangu Juni 5, 2020, ni marufuku kuingia na plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga za taifa, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa nchini. Marufuku hayo yanahusu pia chupa za maji zinazouzwa madukani. Kikundi cha vijana au cha kanisa kilichonunua katoni nzima ya chupa hizo alfajiri, kwa nia njema kabisa, huweza kuzuiliwa langoni na kubaki bila maji huku nauli imekwisha kulipwa. Dawa yake ni chupa imara zinazojazwa tena, na kuzijaza nyumbani kwa maji yaliyochemshwa usiku uliotangulia.

Kuhusu kibali, swali la kwanza ni mlima uko chini ya nani. Longonot, sawa na mbuga za Mlima Kenya na Aberdare, husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo halipokei pesa taslimu langoni. Malipo hufanywa kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Milima ya Ngong nayo ni msitu wa Shirika la Huduma kwa Misitu (KFS). Stakabadhi ya shirika moja haifungui lango la jingine. Mwananchi hubeba kitambulisho chake ili atozwe ada ya raia, na ni vyema kuhifadhi picha ya stakabadhi katika simu kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu mtandao si wa kutegemewa kila pahali. Malango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni.

Katika Ngong ada si suala zito, bali usalama. Wapandaji hushauriwa kwenda kwa makundi na kuandamana na askari wa misitu. Hali kadhalika wanaoelekea kilele cha Elephant Hill huko Nyandarua hupitia kituo cha misitu cha Njabini na kupewa askari, kwani ndovu na nyati wangali humo. Karibu na Njabini ndiko liliko bwawa la Sasumua, mojawapo ya yale yanayoipa Nairobi maji ya mifereji.

Mlima Kenya ni shughuli nyingine kabisa. KWS hairuhusu mtu kuupanda peke yake, na ada huhesabiwa kwa siku, hivyo anayechelewa kushuka hudaiwa tofauti anapotoka. Kwenye njia ya Sirimon, kati ya kambi ya Old Moses yenye mita 3,300 na Shipton yenye mita 4,200, mpandaji huvuka mito ya Ontulili na Liki Kaskazini. Maji yapo, ila uangavu wake si hakikisho la usafi. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani hushauri maji yachemke kwa dakika moja, na kwa dakika tatu mahali palipo juu ya mita 2,000, kwa kuwa huko huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Shipton huchemka kwa takriban nyuzi 86. Kwa hivyo kipimo cha Kawangware hakitoshi huko. Kuni haziruhusiwi, basi jiko la gesi na gesi yake ya ziada ni sehemu ya hesabu ya maji.

Safari ya mwisho kuelekea Lenana, mita 4,985, huanza usiku wa manane wakati vijito vimeganda. Maji ya awamu hiyo huchotwa na kuchemshwa jioni, kisha chupa hulazwa ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe. Njiani hubebwa kichwa chini, kwa maana barafu huanza kujiunda juu na ingeziba mdomo wa chupa.