Manamba: Nani Alikuwa Mtu Anayefaa?

Mwambie mzee yeyote wa Korogwe kwamba fulani alikwenda manamba, hatakuuliza maana yake. Atajua kwamba mtu huyo alitoka mbali, akaandikishwa, akapewa namba, akaletwa kukata mkonge. Neno lenyewe limezaliwa na hiyo namba. Mtu alikuwa na jina la baba yake na la ukoo wake, lakini kambini aliitwa kwa tarakimu.

Mimi ni mjukuu wa manamba. Babu mzaa baba alitoka Kasulu, na hakurudi. Nimemaliza kidato cha nne, ninaandika riwaya ambayo bado haijapata mchapaji, na mchana ni karani katika ofisi inayowatafutia matajiri wafanyakazi. Kazi yangu ni kupokea watu, kuwauliza maswali na kuwapanga: huyu anafaa, huyu hafai. Wasomaji wenzangu wa mjini mtaiita kazi ya kisasa. Si ya kisasa hata kidogo. Hapa kwetu ina umri wa zaidi ya miaka mia, na ndugu msomaji, nataka tuitazame ilivyoanza.

Mkonge uliletwa na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche ilitoka Florida, Marekani. Katika miche 1,000 ilifika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mashamba yakaifuata reli kama kunguru anavyofuata jembe. Ardhi ilipatikana, mitambo ilipatikana. Watu je?

Watu walikuwepo. Wazigua walikuwa Handeni, Wasambaa milimani, Wabondei upande wa Muheza. Tatizo ni kwamba watu hao walikuwa na mashamba yao. Mzigua alikuwa na mahindi ya kupalilia na mbuzi wa kuchunga. Kwa nini aache kilimo chake akakate majani yenye miiba ya tajiri? Ndipo ikaja kodi ya nyumba, ambayo Wajerumani waliianzisha mwishoni mwa karne ya 19, ili mtu alazimike kutafuta fedha. Kodi haikutosha. Huko Wilhelmstal, ambako leo ni Lushoto, kikaja kipande: kadi ya siku 30 ambazo kila mwanamume alitakiwa azifanye kwa mlowezi. Asiyetimiza alipelekwa kazi za serikali kwa lazima.

Hata hivyo watu wa jirani walibaki wagumu. Walikuja mwaka wa njaa, na Handeni miaka ya njaa haikuwa michache. Mvua ikinyesha walirudi kwao. Matajiri wakaandika kwamba watu wa hapa ni wavivu. Hebu tuipime sentensi hiyo. Mtu anayelima shamba lake kuanzia alfajiri anaitwa mvivu kwa sababu hataki kulima la mwenzake kwa ujira mdogo! Uvivu huo, bwana, mimi nauita hesabu.

Basi wakatafutwa watu wa mbali. Mawakala walikwenda Kigoma, Songea, Njombe, hata Ruanda-Urundi. Walilipwa kwa kichwa: ukileta watu wengi unapata nyingi. Wakala wa namna hiyo haulizi sana kama mtu anaijua kazi, anahesabu vichwa. Na mashamba yalinyang'anyana watu, jambo lililopandisha gharama.

Kisha Vita Kuu ya Pili ikabadili mambo. Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, kamba za huko zikakosekana, na katani ya Tanganyika ikawa mali ya vita. Serikali ya Mwingereza ikawakamata watu kwa sheria na kuwapeleka mashambani. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kikaunda ofisi moja ya kuajiri kwa niaba ya wote, nayo ikajulikana kwa jina la Silabu. Faida yake kwa matajiri ilikuwa wazi: ofisi ikiwa moja, hakuna wa kumpandia mwenzake dau. Mtu wa Kibondo aliyetaka kazi ya mkonge alikutana na mlango mmoja na bei moja.

Alipimwa na daktari, akasomewa mkataba, akaweka dole gumba. Kutoka Kigoma alipanda treni ya Reli ya Kati, zaidi ya kilometa 1,000, kisha akamalizia safari kwa lori, maana reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, hapa wilayani Korogwe, ilikamilika mwaka 1963 tu. Korogwe ilikuwa na kambi ya kupokea watu, kisha wakagawiwa: wewe Magunga, wewe Ngombezi, wewe Mazinde.

Tusiseme wote waliburutwa. Wapo waliokuja kutafuta mahari, baiskeli, nguo nzuri, au kuona dunia tu. Babu yangu alikuwa mmoja wao, kwa maneno yake mwenyewe. Lakini tazama sifa iliyomfanya Muha aitwe hodari na Mzigua aitwe mvivu. Haikuwa nguvu ya mkono, maana wote ni wakulima. Ilikuwa umbali. Mtu wa Kasulu akichoka kukata matita ya majani 30 kwa 30, hawezi kwenda kwao jioni. Hana shamba hapa, hana mjomba hapa, na asipojaza kipande chake hali. Umbali ulifanya kazi ya nyapara.

Lakini hao walioteuliwa kwa sababu ya ugeni wao walifahamiana. Wakaunda chama cha wafanyakazi wa mashamba, na mwaka 1958 Mazinde ikatikiswa na mgomo ambao wazee hawajausahau. Mtu asiye na pa kurudi hana njia ya kukimbia, kwa hiyo alisimama. Baada ya uhuru wa 1961 kima cha chini cha mshahara kilipanda, matajiri wakapunguza watu, na katikati ya miaka ya 1960 Silabu ikafungwa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha katani kiasi cha tani 230,000. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na mashamba mengi yakataifishwa. Bei ilikuwa imekwisha kuanguka kwa sababu ya kamba za plastiki. Silabu ikafa, wazo lake je?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake au mahali alikotoka. Ni sheria nzuri. Lakini mwajiri mmoja alishaniambia, tena kwa upole: "Kijana wangu, niletee watu wa mikoani. Hawa wa hapa wana misiba mingi." Hakutaja kabila. Alitaka tu mtu asiye na wa kumzika karibu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi makarani tunachagua majembe kila siku, na fomu zetu zinauliza umri, elimu, uzoefu na mdhamini. Zinamuuliza mwombaji tu. Kwa nini hazimuulizi mwajiri? Chumba cha kulala kikoje? Waliotoka walitoka kwa nini? Mtu akifiwa anapewa siku ngapi? Bila majibu hayo hakuna anayeweza kusema nani anafaa, kwa sababu hatujajua anafaa kwa lipi.

Nanyi mnaoandika hadithi, nendeni Ngombezi, nendeni Hale, kaeni na wazee wakiwa bado wapo. Waulizeni majina yao kabla ya namba. Na siku mtakapomsikia tajiri akisema watu wa mahali fulani hawapendi kazi, msibishane naye. Muulizeni kwanza analipa kiasi gani.