Kiswahili Hiki ni cha Kwenu?

Nilipoanza kutunga, mzee mmoja aliniuliza: "Wewe mtu wa bara, Kiswahili hiki ni cha kwenu?" Nilinyamaza. Swali lile lilinikaa moyoni hata nilipoirejea historia ya washairi wetu.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na asili yake ni Uyao. Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alitoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, mtunzi wa Ngonjera za UKUTA, alikuwa Mgogo. Kumbe vina na mizani vimelindwa pia na watu ambao asili yao si pwani!

Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akatoa Kichomi, diwani ya mashairi huru. Wapo waliokana kuwa huo ni ushairi. Leo hatuwezi kuusimulia ushairi wa Kiswahili tukamwacha.

Sasa ninalo jibu la yule mzee. Pwani ndiko ulikochimbwa msingi, nami nauheshimu. Lakini lugha ni shamba. Hata aliyekuja jana, akilima, huvuna na wenyeji.