Sauti Iliyobaki Mdomoni

Nina rafiki Mnuer aliyesomea Kakuma na sasa anaishi Nairobi. Anavyoisoma Biblia ya lugha yake kulinishangaza mara ya kwanza. Huupitia mstari kimyakimya mpaka mwisho, kisha hurudi mwanzo, ndipo hutoa sauti. Nilidhani hajui kusoma vizuri. "Herufi nazijua," aliniambia. "Ila lazima niijue sentensi kabla sijaisoma."

Kinuer, au Thok Naath kama wenyewe wanavyokiita, ni lugha ya toni. Kiswahili sanifu hakina toni. Kina mkazo, ambao karibu daima hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunaionja kidogo hali ya Wanuer pale tu tunapotofautisha barabara ya magari na lile barabara lenye maana ya sawasawa: herufi zilezile, mdomo ndio unaoamua.

Kwa Wanuer si suala la neno moja moja. Maneno yao mengi yana silabi moja tu. Pale ambapo sisi tunapanga viambishi kama mabehewa ya treni, a-li-m-pig-i-a, wao hufanya kazi kubwa ndani ya irabu: huirefusha, huibadilisha, huitamka kwa sauti yenye pumzi, huipandisha au kuishusha. Mageuzi hayo huweza kutenga umoja na wingi, au kitu na mwenye kukimiliki. Toni ni sehemu ya sarufi, si pambo la usemi.

Aprili 1928, wamisionari na maofisa wa kikoloni walikutana Rejaf, kando ya Mto Nile, karibu na Juba ya leo. Kinuer kilikuwa miongoni mwa lugha tisa za Sudan Kusini walizoziteua ziandikiwe vitabu vya shule. Mshauri wao alikuwa Mjerumani Diedrich Westermann, aliyechapisha utafiti kuhusu Kinuer tangu 1912. Kutoka zama hizo Kinuer kina herufi kama ŋ, ɣ, ɛ na ɔ. Toni haikupata alama katika maandishi yaliyoenea mpaka leo. Mwaka huohuo, Mombasa, mkutano mwingine ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sisi tulibahatika: alfabeti tuliyopewa ilitutosha.

Siwezi kuutazama mkutano wa Rejaf kama kikao cha walimu tu. Miezi michache kabla yake, ndege za Uingereza zilikuwa zikiwadondoshea Wanuer mabomu. Mapema 1928 wanajeshi walijaribu kuilipua piramidi ya udongo ya nabii Ngundeng, na mwaka uliofuata wakamuua mwanawe, Guek, palepale. Serikali iliyotaka watoto wa Wanuer wasome ndiyo hiyohiyo.

Hata hivyo, walikuwapo waliosikiliza. J. P. Crazzolara, padre wa shirika la Comboni, alichapisha sarufi ya Kinuer mwaka 1933, na wanaisimu bado wanaifungua. Nyimbo za Ngundeng, aliyefariki 1906, hazikungoja kitabu. Zilipita mdomo kwa mdomo, na bado Wanuer wanabishana kuhusu maana yake.

Mwandiko usio na toni humtosha aliyekulia kwenye lugha, kwa sababu sikio lake hujaza pengo. Lakini vita vimewatawanya Wanuer hadi Gambella, Kakuma na Omaha kule Marekani. Mpwa wa rafiki yangu amezaliwa Omaha. Alfabeti anaijua yote, ila akisoma, bibi yake hucheka kwanza, kisha hunyamaza.

Jumapili iliyopita rafiki yangu aliniazima simu, yake imevunjika kioo. Alimpigia mama yake, akamwomba asome sura moja polepole ili airekodi na kumtumia mtoto. Mama hajui kusoma. Basi yeye akawa anamwambia kila mstari, naye mama anaurudia. Mara mbili alimkatiza mwanawe na kumsahihisha.