Nambari Badala ya Jina

Kondele ina swali linalorudi kila msimu wa kulipia mitihani ya KASNEB: CPA itanisaidia kweli, ama ni pesa za kutupa? Mmoja atakujibu kwa mfano wa binamu aliyeandikwa benki. Mwingine atakuonyesha jirani aliyemaliza seksheni zote sita na bado anasaga lami, bahasha kwapani. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu majibu yao hayasaidii. Mimi naona ni afadhali kuuliza cheti hiki kilitoka wapi, na kilipofika huku kando ya ziwa kilifungua mlango upi na kikaacha upi umefungwa.

Reli ilifika ukingo wa Nyanza mnamo Desemba 1901, kituo kikaitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa msimamizi wa ujenzi. Pamoja na reli yakaja madaftari: ya tiketi, ya mizigo, ya meli za kwenda Uganda. Aliyeyajaza, kwa kawaida, alikuwa Mgoa au Mhindi, na aliyeyakagua alikuwa Mzungu. Mwafrika alibeba gunia lililoandikwa daftarini. Shule za misheni kama Maseno zilipoanza kutoa makarani weusi, hao nao walikuta mishahara imepangwa kwa rangi. Tume ya Holmes, 1948, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu apate tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu wa cheo kile kile. Hebu fikiria: dawati moja, kalamu moja, hesabu zile zile zinazopaswa kulingana hadi senti ya mwisho, halafu mwisho wa mwezi wewe mwenyewe unahesabiwa pungufu. Ni mwaka 1954 tu ndipo Tume ya Lidbury ilipopendekeza mishahara ya rangi iondolewe.

Tusidhani ubaguzi wa kazi hii ulizaliwa Afrika. Uingereza yenyewe, uhasibu ulianza kama mali ya familia zenye uwezo. Chama cha wahasibu cha Edinburgh kilipata hati ya kifalme mwaka 1854, kile cha Uingereza na Wales mwaka 1880, na njia ya kuingia ilikuwa kuwekwa chini ya mhasibu mkubwa kwa miaka kadhaa, mara nyingi mzazi akilipa ada nono ili mtoto apokelewe. Usipokuwa na baba wa kukulipia, basi. Mwaka 1904 watu 8 walianzisha London chama kingine, ambacho leo tunakijua kama ACCA, kwa nia ya kuipanua njia hiyo. Hiki ndicho kilichotufaa sisi wa makoloni, kwa sababu mtihani unaweza kusafiri kwa meli. Mhasibu mkubwa wa kukupokea ofisini kwake hasafiri.

Kisumu nayo ilikuwa imejaribu njia nyingine kabisa. Jaramogi Oginga Odinga, mwalimu aliyesomea Makerere, aliacha kufundisha Maseno na kusajili kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947. Alizunguka miji ya Afrika Mashariki akiwauzia Wajaluo hisa, ili Mwafrika naye awe na duka, jengo, na mashine ya kuchapisha. Hakuwa mhasibu. Watu walitoa shilingi zao kwa sababu walimjua, ama walimjua anayemjua. Mpaka leo mweka hazina wa chama cha akina mama pale Kondele anachaguliwa hivyo hivyo: haulizwi karatasi, anaulizwa ni wa nani na aliwahi kula pesa ya nani. Kwa watu 30 wanaoonana kila Jumapili, utaratibu huo unafanya kazi vizuri sana. Kwa watu ambao hawataonana maisha yao yote, unaanza kuyumba, na hapo ndipo mtu wa nje mwenye cheti anapohitajika kuja kusema kama hesabu ni sawa.

Uhuru ulipokuja, wahasibu wa nchi karibu wote walikuwa Wazungu na Waasia. Mwaka 1966 Chuo cha Strathmore, Nairobi, kilianza kufundisha uhasibu kwa vijana waliofadhiliwa na makampuni makubwa, na mtihani walioufanya ulikuwa bado wa ACCA, kutoka Uingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria za leseni za biashara na za uhamiaji, na Waasia wengi wakafunga virago mwaka uliofuata. Viti vikabaki wazi. Nani avikalie?

Sasa tazama mwaka 1969. Tarehe 5 Julai Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, mtu aliyeanza kazi akiwa mkaguzi wa afya, na aliyepanda bila cheti chochote cha fedha. Tarehe 24 Julai, siku 19 baadaye, bodi ya taifa ya mitihani ya wahasibu na makatibu, KASNEB, ikaundwa. Tarehe 25 Oktoba Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wazee wa Kondele bado wanaiita Russia. Yeye na Odinga walirushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, askari wakafyatua risasi. Serikali ilitoa hesabu ya waliouawa, na Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini.

Sisemi KASNEB iliundwa kwa sababu ya siasa hizo, wala kwa ajili ya watu wa Nyanza. Tarehe zilikutana tu. Lakini weka mambo haya mawili pamoja uone kijana wa hapa alisimama wapi katika miaka ya 1970. Njia ya kupata kazi kwa kujuana na mkubwa serikalini ilikuwa imebanwa, kwa sababu wakubwa waliomjua walikuwa wamekufa, wamefungwa ama wamewekwa kando. Na kwa wakati huo huo kulikuwa na mtihani ambao mtahiniwa huandika nambari juu ya karatasi badala ya jina. Msahihishaji hajui kama wewe ni Otieno ama Kamau. Anaona tu kama mizania yako imelingana. Unaweza kusoma usiku kwa taa ya koroboi, ukafanya karatasi mbili tatu, ukaanguka, ukarudi tena. Kwa mtu asiye na mjomba, hiyo ni neema kubwa, na sidhani tumewahi kuipima ipasavyo.

Kisha sheria ikaipa karatasi hiyo meno. Sheria ya Wahasibu ilipitishwa mwaka 1977, na ICPAK, taasisi ya wahasibu wenyewe, ikaanza mwaka 1978. Huo ulikuwa wakati mzuri kwa mtu wa hesabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, reli na meli za ziwani zikagawanywa, na mashirika mapya ya Kenya yalihitaji watu wa kuandika vitabu vipya. Sheria ilirekebishwa upya mwaka 2008, ila kiini chake ni kile kile: si kila anayejua hesabu anaruhusiwa kutia sahihi kwenye ripoti ya ukaguzi. Lazima uwe umefaulu, umesajiliwa, na una leseni. Ukitaka kufungua kampuni yako ya ukaguzi, basi, swali la kama CPA inasaidia halipo kabisa. Bila hiyo huna kazi.

Shida ni kwamba wengi hawaendi huko. Wanataka kuajiriwa, na kwa mwajiri karatasi hupoteza thamani kadiri inavyozidi kuwa mikononi mwa wengi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ile iliyolifanya jina la sekta isiyo rasmi lienee duniani, iliona mapema kwamba shule zinatoa watu wengi kuliko kazi za ofisi. Miaka minne baadaye Ronald Dore aliandika kitabu kuhusu ugonjwa wa vyeti na kuiweka Kenya miongoni mwa mifano yake: nchi inayochelewa kuanza maendeleo, alisema, hutegemea vyeti zaidi katika kuchuja watu, na kila mwaka kichujio hupandishwa. Nani wa Kisumu atambishia? Miaka ya 1990 kiwanda cha nguo cha KICOMI kilikufa, serikali ikapunguza wafanyakazi wake, na watu waliokuwa wameshika madaftari kwa miaka 20 wakajikuta nje wakishindana na vijana wenye karatasi. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo ya kujilipia, vingine vikafuata, digrii za biashara zikawa nyingi. Tangazo la kazi lililokuwa likitaka CPA sehemu ya pili likaanza kutaka digrii na CPA(K) pamoja, kwa kiti kile kile na mara nyingine kwa mshahara ule ule.

Kwa hiyo mimi nitatenganisha kuandikwa na kupandishwa. Cheti humfikisha mtu kwenye orodha ya wanaoitwa. Serikalini humvusha pia kutoka ngazi ya chini hadi ya kati, kwa sababu miongozo ya utumishi imeandika hivyo: bila sehemu fulani ya CPA, unabaki hapo hapo hata ukiwa hodari. Juu ya hapo mambo hubadilika. James Mwangi alijiunga na Equity mwaka 1993 kama mkuu wa fedha, akiwa na digrii ya biashara na CPA, wakati shirika hilo kihesabu lilikuwa limeshafilisika. Mwaka 2004, Equity ilipogeuka benki kamili, akawa mkurugenzi mkuu. Vyeti vilimstahilisha kukaa kwenye kiti cha fedha. Lakini kilichoifufua Equity ni kuwafungulia akaunti watu wadogo ambao benki kubwa ziliwafukuza kwa masharti ya akiba, na hilo halikufundishwa seksheni ya sita. Tena Equity ilianzia Kangema, Murang'a, na Mwangi ni mtoto wa Kangema. Sisemi alipendelewa, kazi yake inaonekana. Nasema tu kwamba hata cheti kizuri husafiri vyema zaidi kikiwa na mwenyeji wa kukipokea, na kijana wa Kondele anayeomba kazi Nairobi mara nyingi hana.

Kuna kiti kimoja nchini ambacho ungedhani kimezungushiwa vyeti kila upande: cha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Edward Ouko alikikalia kuanzia 2011 hadi 2019, baada ya kuongoza ukaguzi katika Benki ya Maendeleo ya Afrika. Soma ibara ya 229 ya Katiba ya 2010 uone kinachotakiwa: ujuzi mpana wa fedha za umma, ama uzoefu wa angalau miaka 10 katika ukaguzi au usimamizi wa fedha za umma. Hakuna cheti kilichotajwa kwa jina. Kisha soma tangazo la kaunti likimtafuta karani wa hesabu, yule wa chini kabisa, wa kupanga risiti kwenye faili. Hapo vyeti vimetajwa, tena na nakala zilizothibitishwa na wakili.