Nyumba ya Bibi, Kiwanja cha Goba

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na mara moja wakatunga kanuni za ujenzi. Ukizisoma leo unashangazwa na ujanja wake. Kanuni zilizungumzia nyumba kuliko zilivyozungumzia watu: upande wa bahari, mashariki, zijengwe nyumba za Kizungu tu, nyuma yake majengo ya kudumu ya aina nyingine, na huko nyuma kabisa ndiko nyumba za udongo na makuti ziliporuhusiwa. Mwenye fedha za udongo na makuti alijikuta amepangiwa mtaa bila mtu kumtamkia kabila wala rangi. Waingereza walipochukua mji baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakubadilisha sana. Wakaita maeneo hayo kanda ya kwanza, ya pili na ya tatu, nasi kwa lugha yetu tukayaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Kati ya Uhindini na Kariakoo liliachwa eneo wazi, Mnazi Mmoja, kwa kisingizio cha afya. Siku hizi tunakwenda pale kwenye mikutano na sherehe, na wengi wetu hatujui kwamba uwazi ule uliwekwa uwe ukuta.

Naandika haya kwa sababu kwetu kuna kesi. Bibi mzaa mama alifariki mwaka juzi, akaacha nyumba Ilala, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Kariakoo. Mjomba anataka iuzwe, warithi wagawane, na fungu la mama lijenge nyumba mpya Goba ambako mjomba ameshaona kiwanja. Mama anataka ibomolewe ijengwe upya palepale. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo nimeombwa nikae kimya au nilete jambo la maana. Hili ndilo nimeleta.

Nyumba ya bibi ni ile ambayo kila mkazi wa Dar anaijua hata kama hajawahi kulala ndani yake. Baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna jiko, bafu na choo. Wataalamu wa usanifu wameiandikia sana nyumba hii ya Kiswahili, wakasifu hewa yake na baraza lake, lakini nadhani hesabu yake ndiyo inayostahili sifa zaidi. Bibi alilala chumba kimoja. Vyumba vingine vitano vililipa ada za shule, mafuta ya taa, na safari yake moja ya Unguja. Hakuna mfuko wa pensheni uliowahi kumtambua, maana aliuza vitumbua maisha yake yote. Nyumba ilikuwa pensheni yake, na ilifanya kazi hiyo kwa sababu ilikuwa mjini, karibu na soko, karibu na bandari, karibu na watu wanaohitaji chumba kimoja cha bei nafuu.

Ardhi yenyewe haikuwa yake kwa maana ambayo mtu wa London angeielewa. Wakati wa Mwingereza wenye nyumba Kariakoo walikuwa wanalipia kiwanja kwa serikali, na ruhusa yao ilikuwa ya muda mfupi. Baada ya Uhuru, sheria ya 1963 ilifuta umilikaji wa ardhi usio na kikomo nchi nzima, kila mtu akawa mpangaji wa serikali kwa miaka kadhaa. Kisha ikaja 1971. Sheria ya utwaaji wa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyingi za Waasia wa Uhindini, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba hadi 1990 alipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba kama ya bibi ilikuwa chini mno ya kiwango hicho, haikuguswa. Ila somo lilisikika hadi Ilala: ukijenga ghorofa ukapangisha, unaonekana. Sina hati ya kuthibitisha kwamba watu waliacha kujenga mjini kwa sababu ya somo hilo peke yake, lakini nikitazama ni mtaa gani uliopata ghorofa na ni lini, naona kizazi kizima kilichojifunza kujibana.

Serikali nayo ilikuwa inawaelekeza watu kwingine. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshwa bila kubomolewa. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa 1972, ilikopesha wenye viwanja. Nawaomba wenzangu wanaoicheka Sinza kwa baa zake wakumbuke kwamba pale palikuwa jaribio zito: mtu wa kipato cha kawaida apewe kiwanja kilichopimwa, barabara na maji, ajenge mwenyewe. Mengi yalikwenda kombo, viwanja vingine vikaishia mikononi mwa wenye nazo, lakini barabara za Sinza zimenyooka mpaka leo.

Halafu miaka ya 1980 mishahara ikafa. Mtumishi wa serikali hakuweza kuishi kwa mshahara, akatafuta shamba nje ya mji, Mbezi, Salasala, Kimara, apande mihogo na afuge kuku. Shamba likawa kiwanja, kiwanja kikawa msingi, msingi ukawa boma lisilo na paa. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995, na kwa zaidi ya mwaka kumi mtu wa kawaida hakuwa na mahali pa kukopa ili ajenge. Hapo ndipo ulipozaliwa ujenzi tunaouona kama mila: tofali mwezi huu, nondo mwezi ujao, kupaua Mungu akipenda. Ujenzi wa namna hiyo hauwezekani Ilala. Huwezi kubomoa vyumba sita vyenye wapangaji kisha ukae miaka tisa na boma. Pembezoni unaweza, kwa sababu hakuna anayekusubiri. Naamini hii ndiyo sababu kubwa ya jiji kutanuka, kubwa kuliko hewa safi na uwanja wa watoto kuchezea ambavyo mjomba huvitaja.

Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 Dar es Salaam. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma na kwingineko, ukasaidia, lakini watu walikuwa wametangulia mbele ya mpima ardhi. Bomba la maji nalo likaja nyuma ya mpima.

Mjomba ana hoja, nami sitaki kumvunjia heshima. Ilala ina kelele, mifereji hufurika, na bei atakayotoa mfanyabiashara wa Kariakoo kwa kiwanja kile inatosha kujenga Goba nyumba yenye vyumba vinne, ukuta na kisima, na chenji ikabaki. Mama anahesabu vingine. Anahesabu boza la maji, bodaboda kutoka kituoni, na saa zinazopotea kila siku barabarani. Mwendokasi umeanza 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, na daraja la Kigamboni limefunguliwa mwaka huohuo, lakini Goba haiko kwenye lolote kati ya hayo mawili. Zaidi ya yote anauliza: nyumba ya Goba itamlipa nani akizeeka? Vyumba vinne vya familia moja havilishi mtu.

Kujenga juu palepale nako kuna hofu yake. Sheria ya 2008 inaruhusu kila mrithi kumiliki sehemu yake ndani ya jengo moja, na Magomeni Kota imeonyesha kwamba inawezekana kurudisha watu 644 na familia zao katika ghorofa mahali walipobomolewa. Lakini mwaka 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya jiji likaua zaidi ya watu 30, na Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo. Mwekezaji aliyekuja kwetu na ramani ya ghorofa nane hakuwa na majibu nilipomuuliza nani atapima udongo.

Nimependekeza ghorofa mbili tu, vyumba vya kupangisha chini, ukumbi ubaki katikati. Mama amekubali, mjomba anasubiri mahakama imalize mirathi. Mpangaji wa chumba cha mbele ameuliza kama alipe kodi ya miezi sita au ya mmoja, na bado hatujamjibu.